Jinsi ya kuchora anga iliyolindwa ya mgeuko wa kurudi: mwongozo kamili wenye hesabu

Kwenye chati ya kutua kwa vyombo, mgeuko wa kurudi ni mstari mwembamba tu. Ndege inapita juu ya kituo cha redio, inakwenda mbali na uwanja kwa dakika mbili, inakata kushoto nyuzi 45, inazunguka kulia, kisha inarudi ikiwa imeukabili uwanja. Kwa ndege kama ATR 72 iliyo kwenye kimo cha futi 10,000, mstari huo unafika umbali wa maili 9 hivi za baharini kutoka kituoni. Aliyeuchora, hata hivyo, alilazimika kukagua kila kilima, mnara na mti mpaka maili 19.

Mwongozo huu unaonyesha hizo maili 10 za ziada zinatoka wapi. Umeandikwa kwa wanafunzi wa urubani, waongozaji wa ndege na mafundi wa ramani wanaotaka kuelewa kazi hii kwa kikokotoo na karatasi kabla ya kuiachia programu ya kompyuta. Kanuni ninazofuata ni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zilizomo kwenye Hati 8168, juzuu ya pili, ambayo wenye kazi huiita PANS-OPS. Mahali pa mfano ni Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, kwa sababu milima yake haimwachii mchoraji nafasi ya kubahatisha. Mfano wenyewe ni zoezi la darasani: chukulia kuna VOR, kituo cha redio kinachomwonyesha rubani mwelekeo, palepale uwanjani. Chati halisi za KIA ziko kwenye kitabu rasmi cha taarifa za anga cha Tanzania, na hizo pekee ndizo za kurukia.

Hatua ya 1: Umbo na upande

Maumbo ni manne. La kwanza ni 45/180: mstari wa kwenda ukiongozwa na kituo, kona ya nyuzi 45, kipande kifupi kisicho na mwongozo wa redio, halafu mzunguko wa nyuzi 180 upande wa pili. Kipande hicho huhesabiwa tangu kona inapoanza: dakika 1 kwa ndege za makundi A na B (makundi ni ya kasi, tazama hatua ya 2), dakika 1 na sekunde 15 kwa C, D na E. La pili ni 80/260, yaani kona ya nyuzi 80 inayofuatwa papo hapo na mzunguko wa nyuzi 260 upande wa pili, bila kipande cha kuhesabia saa katikati. La tatu ni mgeuko wa pembe, ambapo mstari wa kwenda na wa kurudi huachana tangu kituoni na kuunganishwa na kona moja kubwa mwishoni. La nne ni mviringo kama wa kusubiria, unaofaa pale ndege inapohitaji kushuka sana au inapoingia kutoka pande nyingi.

Kwa mgeuko wa pembe, ukubwa wa pembe haukisiwi. Ikiwa kasi halisi ya ndege hewani haizidi noti 170 (maili 170 za baharini kwa saa), gawanya 36 kwa dakika za kwenda: dakika 2 zinatoa nyuzi 18, dakika 3 zinatoa 12. Kasi ikizidi hapo, zidisha kasi kwa 0.215 kisha gawanya kwa dakika. Sababu ya mpaka kuwa noti 170 itajitokeza yenyewe kwenye hatua ya pili.

Hapa nachukua 45/180, kwa kuwa ndani yake vyanzo vyote vya kuyumba vinaonekana kimoja kimoja.

Upande wa kugeukia uamue kabla ya kugusa kikokotoo. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki hadi magharibi. Kilele cha Meru kiko takriban maili 22 za baharini upande wa magharibi-kaskazini-magharibi, na Kibo, mita 5,895, kiko takriban maili 27 kaskazini-mashariki. Kusini ni tambarare za Wamasai. Ukichora mgeuko upande wa magharibi wa uwanja ukaupeleka kaskazini, hakuna hesabu itakayokuokoa na miteremko ya Meru. Wanaoanza wengi huiacha programu ichore upande wake wa kawaida, kisha wanahangaika kupandisha kimo juu ya mlima ambao wangeweza kuukwepa kwa kubadili neno moja, kushoto kwa kulia.

Kumbuka pia mlango. Ndege inaruhusiwa kuanza mgeuko wa 45/180 moja kwa moja pale tu inapofika kituoni ikiwa ndani ya nyuzi 30, upande wowote, za mstari wa kwenda. Inayotoka kwingineko hupitia kwanza mzunguko wa kusubiri. Mchoraji asiyeuchora mlango huu anakuwa ameilinda ndege ya kwenye karatasi tu.

Hatua ya 2: Kasi

Ndege hugawanywa kwa makundi kulingana na kasi yake ya kuvuka mwanzo wa njia ya kurukia. Katika migeuko ya kurudi, kasi ya juu inayosomwa kwenye kipima kasi cha ndege ni noti 110 kwa kundi A, 140 kwa B, 240 kwa C na 250 kwa D. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.

Kipima kasi hakisemi ukweli wote. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi, hivyo ndege inakwenda kasi kuliko inavyosomeka. Kanuni inakutaka uchukulie joto lililozidi kiwango sanifu kwa nyuzi 15 za Selsiasi. Kwa futi 10,000 kizidisho ni 1.1958. ATR ya kundi B basi:

140 × 1.1958 = noti 167, yaani maili 0.0465 kwa sekunde.

Sasa kona. Mchoraji huchukulia ndege inalala upande kwa nyuzi 25 au inageuka nyuzi 3 kwa sekunde, lolote linalohitaji kulala kidogo zaidi. Kwa nyuzi 25, mwendo wa kona ni 1,600 ukigawanywa kwa (3.1416 × kasi halisi). Kwa noti 167 inatoka nyuzi 3.04 kwa sekunde, imezidi kidogo, kwa hiyo tunachukua 3. Kwa noti 170 inatoka 3 karibu kamili, na ndiyo maana kanuni ya mgeuko wa pembe inabadilika hapo. Nusu kipenyo cha kona:

167 ÷ (62.83 × 3) = maili 0.89.

Weka ndege ya kundi D kwenye kimo hichohicho uone. Noti 250 zinakuwa 299, kona inapungua hadi nyuzi 1.7 kwa sekunde, nusu kipenyo kinakuwa maili 2.8, na mzunguko wa nyuzi 180 unachukua sekunde 106 badala ya 60. Kuchora eneo moja la makundi yote ni rahisi kwa mchoraji, lakini ATR inayohudumia miji midogo ndiyo inayolipa, kwa kupewa kimo kikubwa isichokihitaji. Palipo na milima, mimi ningetoa taratibu mbili, A na B peke yao, C na D peke yao.

Hatua ya 3: Upepo

Ukiwa na takwimu za upepo za miaka mingi za mahali hapo, tumia ule unaojumuisha asilimia 95 ya hali zote. Usipokuwa nazo, kanuni inakupa upepo wa kuchukulia: mara mbili ya kimo kwa maelfu ya futi, jumlisha 47. Kwa futi 10,000:

(2 × 10) + 47 = noti 67, yaani maili 0.0186 kwa sekunde.

Wanafunzi huuliza upepo huo unavuma kutoka wapi. Unavuma kutoka kila upande. Kwa kila nukta ya mchoro unauelekeza kule utakakoisukuma ndege mbali zaidi na mstari, hata kama kiuhalisia hauwezi kugeuka hivyo ndani ya dakika mbili.

Hatua ya 4: Juu ya kituo

Rubani anaanza kuhesabu saa anapopita juu ya VOR. Lakini juu ya kituo ishara hutatizika ndani ya koni iliyo wazi kuelekea juu, na rubani hawezi kujua amefika katikati au la. Kwa VOR koni inahesabiwa kwa nyuzi 50 kutoka wima, kwa NDB, kituo cha redio rahisi zaidi, nyuzi 40. KIA iko karibu futi 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege ya futi 10,000 iko futi 7,000 juu ya kituo, sawa na maili 1.15. Zidisha kwa tanjenti ya nyuzi 50:

1.15 × 1.19 = maili 1.37.

Mchoro kamili wa eneo hili hutumia pia makosa ya kuingia kwenye koni, nyuzi 5 kwa VOR na 15 kwa NDB. Kwa hesabu yetu nusu kipenyo cha koni kinatosha.

Hatua ya 5: Saa, mkono na dira

Hapa ndipo maili nyingi zinapotoka, na watu wengi hupapita haraka. Kanuni inampa rubani mwenye nidhamu, anayefanya kila kitu sawasawa, upungufu ufuatao: sekunde 10 za kuwahi au kuchelewa katika kuhesabu saa, hadi sekunde 6 za kuitikia, sekunde 5 za kuilaza ndege mpaka pembe yake, na nyuzi 5 za dira kila upande. Kwenye mstari wenye mwongozo wa VOR, ongeza nyuzi 5.2 za kuyumba; kwa NDB ni 6.9.

Tuone dakika mbili za kwenda zinafanya nini. Bila upepo wala kosa, ndege inaanza kona ikiwa maili 5.58 kutoka kituoni. Sasa mpe upepo wa nyuma na kuchelewa: sekunde 16 za ziada zinaongeza maili 0.74, na upepo wa sekunde 136 unaongeza 2.53. Anaanza kona kwenye maili 8.85. Mpe mwenzake upepo wa mbele na kuwahi kwa sekunde 10: anaanza kona kwenye maili 3.07.

Maelekezo ni yaleyale, marubani wote wawili wametii, na mmoja ameanza kona kwenye maili 3 na mwingine karibu na 9. Jumlisha koni ya hatua ya nne, na mwisho wa mbali wa kuanzia kona unakuwa maili 10.2.

Ndiyo maana palipo na DME, kifaa cha redio kinachopima umbali wa ndege kutoka kituoni, sioni sababu ya kumpimia rubani kwa saa. Kosa la DME ni maili 0.25 jumlisha asilimia 1.25 ya umbali, kwa hiyo kwenye maili 5.6 ni 0.32 tu. Ongeza sekunde 6 za kuitikia na upepo wa nyuma, kona inaanza mwisho kwenye maili 6.3, na koni ya kituo haihesabiki tena kwenye urefu huo. Umeokoa karibu maili 4 za anga kwa kubadili sentensi moja kwenye chati. Usisahau tu kwamba DME hupima umbali wa mshazari kutoka ndege hadi kituo, si umbali wa ardhini.

Hatua ya 6: Kona inayosukumwa

Tunaendelea na toleo la saa, ili tuone ubaya wake wote. Kutoka maili 10.2 ndege inakata nyuzi 45 kushoto na kwenda. Sekunde 60 za kanuni, pamoja na 10 za saa na 6 za mkono, ni 76. Kipande hicho kinaisogeza maili 2.6 zaidi kuelekea mbali. Kisha mzunguko wa kulia unaiongezea maili 1.5 kabla haijaanza kurudi. Wakati huo wote upepo unasukuma: sekunde 76 na nyingine 45 za kufika kilele cha kona ni sekunde 121, sawa na maili 2.25.

Kwenye karatasi kona hii huchorwa kwa mzunguko wa upepo. Chora kona bila upepo. Weka nukta kila baada ya nyuzi 45. Kwenye kila nukta chora duara ambalo nusu kipenyo chake ni umbali ambao upepo umeisukuma ndege tangu kona ianze: baada ya nyuzi 90 ni maili 0.56, baada ya 180 ni 1.12. Halafu pitisha mstari laini unaogusa maduara yote kwa nje. Mstari huo hufunguka kadiri kona inavyoendelea, na ndio unaotengeneza mkia mpana wa eneo la mgeuko. Rudia kwa nyuzi 5 za dira kushoto na kulia, chukua ukingo wa nje kabisa.

Ukishauchora mara moja, kata kiolezo cha plastiki angavu. Kiolezo hicho unakizungusha kwenye kila ncha ya eneo ambalo ndege inaweza kuanzia kona, na muungano wa michoro yote ndio eneo kuu.

Jumla ya mbele: 10.2 + 2.6 + 1.5 + 2.25, takriban maili 16.6. Njia ya mstari bila makosa ingefika 9.2. Hesabu hii ya kujumlisha moja kwa moja ni ya haraka na inakaribiana na mchoro. Kiolezo kitakupa umbo lenyewe, pamoja na upana wake.

Hatua ya 7: Eneo la pembeni na vizuizi

Kuzunguka eneo kuu unaongeza ukanda wa maili 2.5, sawa na kilomita 4.6. Huo ndio mwisho wa maili 19.1.

Ndani ya eneo kuu, ndege iwe angalau mita 300, yaani futi 984, juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote. Kwenye ukanda wa pembeni nafasi hiyo inaanza 984 ukingoni mwa ndani na kupungua sawasawa hadi sifuri ukingoni mwa nje. Fanya hesabu ya kila kizuizi, usichague kwa macho. Tuseme eneo kuu lina kilima cha futi 6,000: 6,000 + 984 ni 6,984, inakwezwa hadi 7,000. Ukanda wa pembeni una kingine cha futi 6,800, maili 1.5 ndani ya ukanda. Hapo imebaki asilimia 40 ya nafasi, futi 394. Jumla 7,194, inakwezwa hadi 7,200. Kizuizi cha pembeni ndicho kinachotawala, ingawa kinadai nafasi ndogo.

Ongeza urefu wa miti pale ramani inapoonyesha ardhi tupu. Na palipo na milima mikali, PANS-OPS inaruhusu kuongeza nafasi hiyo hadi maradufu, kwa sababu upepo unaopanda na kushuka kwenye miteremko huwavuruga marubani na vipima kimo. Kati ya Meru na Kibo ningeitumia ruhusa hiyo bila kusitasita.

Tarehe 25 Aprili 1980 Boeing 727 ya Dan-Air, safari namba 1008, ilikuwa inakaribia Los Rodeos, Tenerife, katika Visiwa vya Kanari. Mwongozaji aliiweka kwenye mzunguko wa kusubiri ambao haukuwamo kwenye chati yoyote, akairuhusu ishuke hadi futi 5,000. Ndani ya mawingu ndege ilizunguka kuelekea milimani ikagonga, na watu wote 146 wakafa. Mzunguko ambao haujachorwa hauna koni, hauna upepo, hauna ukanda wa pembeni, na kimo chake kinatoka kichwani mwa mtu.

Hatua ya 8: Kushuka, kisha kurudi nyuma

Sasa kagua kama ndege inaweza kushuka ndani ya mchoro wako. Kwa A na B, kiwango cha juu cha kushuka ni futi 804 kwa dakika kwenye mstari wa kwenda na 655 kwenye wa kurudi. Kwa C na D ni 1,197 na 1,000. Dakika mbili za kwenda zinampa rubani wa ATR futi 1,608 tu. Akihitaji kushuka zaidi, ongeza muda, ambao huwekwa kati ya dakika 1 na 3 kwa hatua za sekunde 30, au hamia kwenye mviringo. Kila sekunde 30 unazoongeza zinapanua eneo, na eneo likipanuka huenda likameza kilima kipya.

Kwa hiyo hesabu hii huzunguka. Ulianza kwa futi 10,000. Vizuizi vikikulazimisha kwenda 12,000, kasi halisi inakuwa noti 173, upepo 71, na kona inashuka chini ya nyuzi 3 kwa sekunde. Mchoro wa futi 10,000 haufai tena; rudi hatua ya pili. Kimo kikitoka chini ya ulichoanzia, mchoro bado unalinda, ila ni mkubwa kuliko inavyohitajika.

Tofauti ya Marekani

Rubani wa Afrika Mashariki aliyesomea Marekani ajihadhari hapa. Kule, chini ya kanuni za TERPS, chati nyingi huonyesha upande wa kugeukia na umbali wa kutovuka, mara nyingi maili 10. Rubani hujichagulia umbo na asizidi noti 200. Kwetu, umbo lililochapishwa hufuatwa kama lilivyo, isipokuwa 80/260 inayoweza kuchukua nafasi ya 45/180 pale chati isipokataza. Anayejitungia mgeuko wake juu ya uwanja uliochorwa kwa PANS-OPS anaruka nje ya kiolezo.

Baada ya mchoro

Mchoraji wa pili, asiyehusika na kazi ya kwanza, arudie hesabu zote. Ndege ya ukaguzi iruke utaratibu huo mchana, hali ya hewa ikiwa safi. Kisha taarifa ichapishwe kwa mzunguko wa siku 28 unaotumika duniani kote, ili marubani wote wabadili chati siku moja.

Siku hizi taratibu nyingi mpya hutumia setilaiti, na ndege huingia kwa umbo la T au Y bila kuhitaji kugeuka nyuma. Pale migeuko ya kurudi inapobaki, mchoro huangaliwa upya kwa kipindi kisichozidi miaka 5. Kwenye vilima vyetu, kinachobadilika ndani ya muda huo ni minara ya simu. Ukipata mpya, anza hatua ya saba. Ukilazimika kupandisha kimo juu ya kile ulichokokotolea, rudi hatua ya pili.